Folda Haikupotea: Historia Fupi ya Flashi, Virusi na Biti Mbili Mitaani Eastlands



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo karibu kila aliyewahi kubeba flashi mfukoni amelipitia. Unaichomeka kwenye kompyuta, unaifungua, unakuta tupu! Au folda zako zote zimegeuka kuwa shotikati, zile alama zenye kimshale pembeni, kila moja na ukubwa wa KB 1 au 2. Lakini ukiangalia nafasi iliyotumika, kompyuta inakwambia GB 3 zimejaa. Zimejaa nini, na ndani hakuna kitu?

Kwa miaka mingi jibu la wengi lilikuwa neno moja: fomati. Na hapo ndipo kazi za watu zilipoteketea. Hoja yangu ya leo ni fupi na nitaisema mapema. Mara nyingi kirusi hakikufuta chochote. Kilibadilisha biti mbili tu kwa kila folda, kisha sisi tukafuta wenyewe. Ili tuelewe ilikuwaje, itabidi tuanzie mitaani kwetu, tupitie maabara moja huko Marekani, kisha turudi tena nyumbani. Twende pamoja.

Flashi ndiyo iliyokuwa mtandao

Flashi za USB ziliingia sokoni mwaka 2000. Kampuni ya Trek 2000 ya Singapore ilikuja na ThumbDrive, na M-Systems ya Israel ikatengeneza DiskOnKey, ambayo IBM ilianza kuiuza Marekani mwishoni mwa mwaka huo ikiwa na MB 8. MB nane! Leo picha mbili tatu za simu zinaijaza. Lakini mshindani wake wakati huo alikuwa disketi ya MB 1.44, ile ya plastiki iliyoharibika ukiiangalia vibaya. Flashi ilishinda bila jasho.

Zilipofika Nairobi zilikuta mji unaozihitaji sana. Kabla ya kebo za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti: ghali, na ya polepole. Upande wa Eastlands, kuanzia Makadara na Jericho, Buruburu, Umoja, Donholm hadi Kayole na Dandora, nyumba nyingi hazikuwa na kompyuta. Kompyuta ya mtaa ilikuwa saiba. Ulilipa shilingi moja kwa dakika, ukaandika barua yako ya kuomba kazi, ukaihifadhi kwenye flashi, ukatoka. Kesho yake ulienda saiba nyingine ambayo printa yake ilikuwa na wino.

Flashi hiyohiyo ilienda duka la muvi kujaziwa vipindi vya Marekani. Ikaenda kwa rafiki kuchukua nyimbo za genge, muziki uliolelewa na Calif Records, studio iliyochukua jina la mtaa wa California hukuhuku Eastlands. Ikachomekwa kwenye redio ya matatu. Ikarudi shuleni na mradi wa somo la Kompyuta wa KCSE, ile karatasi ya tatu ambayo mwanafunzi anaifanyia kazi kwa miezi.

Sisi waandishi wa programu tukiutazama mwendo huo tunaona mtandao kamili. Kompyuta ndizo vituo, na watu wanaotembea Jogoo Road ndio nyaya. Hakuna aliyeuita mtandao, lakini ulikuwa unafanya kazi kuliko ule wa setilaiti. Na palipo na mtandao, virusi havichelewi kufika.

Lakini kabla ya virusi, tujiulize swali lingine. Kwa nini kompyuta iweze kuficha faili kabisa? Nani alihitaji jambo hilo?

Nukta iliyotokea kwa bahati

Kuna majibu mawili, na yalizaliwa mbalimbali bila kujuana.

La kwanza linatoka Bell Labs, jimbo la New Jersey, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix mwaka 1969. Unix ndiyo babu wa Linux, Mac na hata Android kwa namna fulani. Mfumo wa folda ndani ya folda ulipoingia, kila folda ilipewa majina mawili ya ndani: nukta moja, yaani "mimi mwenyewe", na nukta mbili, yaani "folda iliyonizaa". Ukiorodhesha faili kwa amri ya ls, nukta hizo zilijitokeza kila mara na kuudhi. Basi mmoja wa wazee hao akaongeza mstari mfupi kwenye programu: jina likianza na nukta, liruke.

Mwaka 2012 Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs miaka mingi, alieleza kisa hiki. Mstari ule haukukagua kama jina lote ni nukta moja au mbili. Ulitazama herufi ya kwanza tu. Matokeo yake, faili yoyote yenye nukta mwanzoni ikawa haionekani. Hakuna aliyepanga "faili zilizofichwa". Ilikuwa njia ya mkato iliyoachwa bila kurekebishwa, na mpaka leo tunaishi nayo. Kama umewahi kutafuta video za status za WhatsApp kwenye simu ya Android, zimo ndani ya folda inayoitwa .Statuses. Ile nukta mwanzoni ni urithi wa New Jersey, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Bendera ndani ya baiti ya 12

Jibu la pili linatoka upande wa Seattle. Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle Computer Products aliandika mfumo ulioitwa 86-DOS, akitumia wazo la kupanga diski linaloitwa FAT ambalo Marc McDonald wa Microsoft alikuwa ameliunda mwaka 1977. Microsoft ikaununua mfumo huo, na mwaka 1981 ukatoka na kompyuta ya IBM PC kwa jina la PC DOS. Flashi nyingi tulizobeba zilipangwa kwa mjukuu wa FAT huyo, FAT32 ya mwaka 1996.

Ndani ya FAT, kila faili au folda ina kitambulisho cha baiti 32. Baiti 11 za kwanza ni jina. Baiti ya 12 ni ya sifa, na kila biti yake ni bendera ndogo: imepanda au imeshuka. Thamani ya 1 ina maana faili ni ya kusomwa tu. 2 ina maana imefichwa. 4 ina maana ni ya mfumo. 16 ina maana ni folda.

Bendera ya kuficha na ile ya mfumo zilikuwepo tangu mwanzo. Kwenye diski ya PC DOS kulikuwa na faili mbili, IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, ambazo bila hizo kompyuta isingewaka. Zilifichwa ili mtumiaji asizifute akiwa hajui ni za nini. Yaani kuficha kulianza kama adabu, sawa na mama anayeweka dawa juu ya kabati. Dawa haijafungiwa. Ni mtoto tu asiione.

Sasa fanya hesabu hii ndogo nami. Folda ya kawaida ina 16 kwenye baiti ile. Ongeza 2 ya kuficha na 4 ya mfumo. Unapata 22. Ndiyo siri yote! Kirusi kikigeuza 16 kuwa 22, folda yako haionekani tena kwenye Windows. Jina liko palepale. Faili zilizomo ziko palepale. Picha, barua, mradi wa KCSE, vyote viko palepale. Kati ya GB nzima za kazi, kilichobadilika ni baiti moja.

Mifumo miwili isiyosikilizana

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, hasa kwa wale wanaotumia zaidi ya mfumo mmoja.

Windows inaheshimu bendera, lakini nukta kwake ni herufi tu kama nyingine. Linux inaheshimu nukta, lakini bendera ya FAT haiijali inapoorodhesha faili. Mac inazo zote mbili: inaficha majina yenye nukta, na pia ina bendera yake yenyewe. Kwa hiyo flashi moja ikipita kompyuta tatu inaweza kuonekana kama flashi tatu tofauti.

Ukifuta faili kwenye flashi ukiwa Ubuntu, mara nyingi haifutwi. Inahamishiwa kwenye folda inayoitwa .Trash-1000 humohumo ndani ya flashi. Ubuntu haikuonyeshi folda hiyo kwa sababu ya nukta, nawe unashangaa mbona nafasi haijarudi. Ukiichomeka kwenye Windows, folda hiyo inaonekana waziwazi, na mtu anadhani ni kirusi! Hali ni hiyohiyo kwa .DS_Store za Mac.

Na kinyume chake ndicho kilichowaokoa wengi. Flashi inayoonekana tupu kwenye Windows, ukiichomeka kwenye Linux, folda zote zinajitokeza kana kwamba hakuna kilichotokea. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta popote duniani, na CD hiyo iliweza kuwasha kompyuta bila kugusa Windows iliyomo. Aliyekuwa nayo pale mtaani aliitwa mganga. Uganga wenyewe ulikuwa huo tu: mfumo usiojali bendera.

Virusi vinajifunza

Sasa turudi kwenye virusi, na tuvifuate kwa miaka.

Mwishoni mwa 2005 kilijitokeza Brontok, kutoka Indonesia. Kilijivika sura ya folda: alama ya njano kabisa, lakini ni programu. Kwa kuwa Windows tangu 1995 ilikuwa inaficha herufi za mwisho za majina ya faili, mtu hakuona ile .exe. Alibonyeza akidhani anafungua folda. Brontok kiliondoa hata menyu ya Folder Options, ili usiweze kubadilisha mipangilio ya kuonyesha vilivyofichwa. Kirusi kilijua kwamba silaha yetu ni kuona.

Kisha kikaja kizazi cha autorun.inf. Windows ilikuwa na kipengele kilichotengenezwa kwa ajili ya CD: ukiweka diski, programu inaanza yenyewe. Virusi vikaweka faili ya autorun.inf kwenye flashi, ikiwa imefichwa, na mengine yakaendelea. Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kilitumia njia hii pamoja na nyingine. Microsoft ilizima jambo hilo kwa flashi katika Windows 7 mwaka 2009, na Februari 2011 ikatuma marekebisho kwa XP na Vista. Lakini fikiria saiba iliyokuwa na XP ya kunakiliwa, yenye masasisho yaliyozimwa kwa makusudi ili isigunduliwe na isimalize bando. Marekebisho hayo yangeifikia vipi?

Mlango wa autorun ulipofungwa, virusi vikaja na mbinu ya tatu, na hiyo ndiyo iliyotutesa zaidi: shotikati. Dorkbot na Gamarue, ambacho pia huitwa Andromeda, vilienea kuanzia 2011. Jenxcus kilifuata 2013, nacho kiliandikwa kwa VBScript, lugha rahisi ambayo yeyote angeweza kuifungua na kuibadilisha. Wazo lilikuwa lilelile. Ficha folda halisi kwa bendera mbili. Weka shotikati yenye jina lilelile na alama ileile. Mtu akibonyeza, shotikati inaanzisha kirusi kwanza, kisha inamfungulia folda yake ya kweli.

Ona ujanja wake. Kirusi kilihitaji kazi yako iwe salama! Kingeifuta, ungegundua siku hiyohiyo na usingebonyeza tena. Folda yako ndiyo iliyokuwa chambo, na chambo hakitupwi.

Gamarue kilienda mbali zaidi. Kilihamisha kila kitu ndani ya folda moja ambayo jina lake ni herufi ya nafasi tupu isiyokatika, ile yenye namba 160. Ukiitazama unaona folda isiyo na jina. Watu waliipita wakidhani ni kasoro ya skrini.

Mlango ambao watu hawakuujua

Mtu atauliza: si unaingia tu Folder Options na kubonyeza "Show hidden files"? Hapa ndipo vijana wengi wa saiba walipokwama, na si kwa kukosa akili.

Windows ina mipangilio miwili, si mmoja. Wa kwanza unaonyesha faili zenye bendera ya kufichwa. Lakini faili ikiwa na bendera zote mbili, ya kufichwa na ya mfumo, bado haionekani mpaka uondoe tiki ya pili iliyo chini zaidi, "Hide protected operating system files". Ukiiondoa, Windows inakutisha kwa onyo kwamba unaweza kuharibu kompyuta. Wengi walibonyeza wa kwanza, wakaona flashi bado tupu, wakahitimisha: zimekwenda. Wachache waliofika kwenye ukurasa wa sifa za folda walikuta kile kisanduku cha Hidden kimefifia, hakibonyezeki, kwa sababu ya bendera ya mfumo.

Antivirusi nazo zilichangia. Nyingi zilifuta shotikati na kirusi chenyewe, lakini hazikushusha bendera. Kabla ya kusafisha, mtu alikuwa na shotikati zilizomfungulia kazi yake. Baada ya kusafisha, akawa na flashi tupu! Antivirusi ikapata lawama ya kufuta kazi za watu, na mtu akapata sababu ya kutoitumia tena.

Mazungumzo yenyewe pale kaunta yalikuwa hivi, na aliyekaa saiba ya mtaani anayajua kwa moyo. Mama amekuja kuchapisha programu ya mazishi, picha ya marehemu na wasifu wake, kwa kuwa usiku huo familia inasafiri kwenda nyumbani na basi linawangoja Machakos Airport.

"Mama, hii flashi ina virusi. Tuifomati?"

"Ukifanya hivyo itafunguka?"

"Itafunguka."

"Basi fanya, mwanangu. Basi halitatungoja."

Na kweli ilifunguka. Ikiwa tupu.

Simlaumu kijana yule. Alikuwa na foleni nyuma ya mama, dakika zinahesabiwa, na alichofundishwa ni kwamba flashi mbovu hufomatiwa. Simlaumu mama pia, kwa sababu neno "fomati" kwake lilimaanisha kutengeneza. Hakuna aliyemwambia kwamba lina maana ya kufuta orodha nzima ya vilivyomo. Flashi yenyewe ilinunuliwa kwa shilingi mia chache. Wasifu wa marehemu, ulioandikwa na ndugu watano wakisahihishana kwa simu, haununuliki.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Si hasara ya benki wala ya serikali, kwa hiyo haikuandikwa popote. Ni miradi ya shule, barua za kazi, vitabu vya vikundi vya akiba, nyimbo za vijana ambao hawakuwa na nakala nyingine. Vyote vilikuwa palepale, nyuma ya biti mbili, mpaka tulipovifuta kwa mikono yetu.

Basi ufanye nini?

Historia bila dawa ni masimulizi tu. Haya, twende kazi.

Kwanza, usifomati na usiandike kitu kipya juu ya flashi hiyo. Tazama nafasi iliyotumika. Kama flashi "tupu" inaonyesha nafasi kubwa imejaa, kuna uwezekano mkubwa kazi yako iko ndani.

Kama una Linux, ichomeke huko. Utaziona folda zako. Nakili zile zako tu, yaani nyaraka, picha na nyimbo, uziweke kwenye kompyuta. Acha shotikati, yaani .lnk, na kila .vbs na .exe usiyoijua. Ukizinakili kwenye diski ya Linux zile bendera za FAT hazifuatani nazo. Baada ya kuhakikisha kwamba zinafunguka, sasa unaweza kufomati flashi na kuzirudisha zikiwa safi.

Kama una Windows pekee, anza na kompyuta, si flashi. Kompyuta yenye kirusi itaficha tena folda zako sekunde chache baada ya kuzifichua. Isafishe kwa antivirusi iliyosasishwa. Kama ni kirusi cha aina ya VBScript, tazama Task Manager, ukiona wscript.exe inaendelea na hukuianzisha, izime. Kisha fungua Command Prompt, na kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Kila alama ya kutoa inashusha bendera: h ya kufichwa, s ya mfumo, r ya kusomwa tu. /s inaingia ndani ya folda zote, na /d inagusa folda zenyewe. Lazima ushushe h na s kwa pamoja. Ukijaribu h peke yake, Windows itakataa kwa sababu faili ni "ya mfumo". Ukimaliza, kama unaona folda isiyo na jina, ifungue. Huenda kazi yako yote imo humo. Ukiona System Volume Information, hiyo ni ya Windows yenyewe, iache.

Kwenye Mac, bonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja ndani ya Finder, na vilivyofichwa vitaonekana. Kwenye Ubuntu, Ctrl na H ndani ya kidirisha cha faili huonyesha majina yenye nukta, ikiwemo ile .Trash-1000 inayokula nafasi.

Na kama umeshafomati? Usikate tamaa, lakini acha kuitumia flashi hiyo dakika hii. Fomati ya haraka hufuta orodha, si yaliyomo. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec, zilizoandikwa na Christophe Grenier, huweza kurudisha mengi. Fomati kamili ni habari nyingine: kuanzia Windows Vista, inaandika sifuri kila mahali, na hapo hakuna cha kurudisha.

Je, haya yameisha?

Unaweza kusema haya ni ya zamani, siku hizi tunatumiana kila kitu kwa WhatsApp na Google Drive. Ni kweli kiasi. Novemba 2017 polisi wa nchi kadhaa wakishirikiana na Microsoft waliuangusha mtandao wa Andromeda. Europol ilisema ndani ya saa 48 tu zilionekana anwani milioni 2 hivi za kompyuta zilizoambukizwa, kutoka nchi na maeneo 223. Fikiria ukubwa huo, kwa kirusi kilichotegemea sana folda zilizofichwa!

Lakini mbinu haikufa. Mwaka 2023 watafiti wa Palo Alto Networks walieleza aina ya PlugX inayojificha kwenye flashi ndani ya folda yenye jina la ile ile nafasi tupu isiyokatika. Na kampuni ya Mandiant mwaka huohuo ilieleza wadukuzi wanaohusishwa na China ambao kirusi chao cha Sogu kilisambaa kwa flashi, visa vingi vikiwa Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kilitokea wapi? Katika kompyuta za pamoja, zile za maduka ya kuchapisha na saiba. Mlengwa ni shirika kubwa la kimataifa, lakini njia ya kumfikia ni mfanyakazi wake aliyepita kuchapisha karatasi.

Saiba zetu nazo hazijafa. Zimebadilisha kazi. Tangu KRA ilipohamishia ulipaji kodi kwenye iTax na huduma za serikali kuingia eCitizen, kijana wa saiba amekuwa karani wa mtaa mzima. Anashika PIN zenu, vitambulisho vyenu, fomu za HELB za watoto wenu. Na bado watu wanamletea flashi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama unaendesha saiba Kayole, Umoja au popote, bandika karatasi ukutani juu ya kaunta, na uandike mambo mawili: ile amri ya attrib hapo juu, na sentensi moja, "Hatufomati kabla ya kutazama." Na kama wewe ni mteja, ukiambiwa flashi yako ifomatiwe, muulize kwa upole: "Kijana, umeangalia vilivyofichwa?"

Swali hilo halina gharama, na dakika mbili za kulijibu ni shilingi mbili tu.

Siku njema, na tutembee salama na flashi zetu.